VIZA YA MASOMO: MLANGO WA HALALI WA MTAFUTA ELIMU

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.



Kila mwaka, matokeo ya mitihani yanapotoka, huja kwetu vijana wenye furaha usoni. Husema, "Maalim, safari imepatikana." Tukiwauliza wanakwenda wapi, hujibu: Misri, Madina, Uturuki, Malaysia. Tukiwauliza wanakwenda kwa viza gani, wengi hujibu, "Viza tu, Maalim." Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike somo hili. Tumeona vijana wenye akili nzuri na nia safi wakirudi mikono mitupu. Mtihani wa darasani hawakuufeli, bali waliingia katika nchi ya watu kwa mlango usio wao.

SAFARI YA ELIMU NI SUNNA YA WEMA WALIOTANGULIA

Kusafiri kutafuta elimu si jambo jipya kwetu watu wa pwani. Sayyid Ahmad bin Sumeit (1861-1925), aliyekuwa kadhi Zanzibar, alisafiri hadi Hadhramaut na Istanbul akikaa na wanavyuoni. Zama hizo mtu alipanda jahazi akingoja upepo wa msimu, na barua ya sheikh wake ikimtosha kufunguliwa mlango wa mwalimu mwingine. Leo upepo hatuungoji, lakini barua ya sheikh peke yake haitoshi. Kila nchi imeweka mpaka wake, na kila mpaka una masharti. Anayetaka kukaa miaka minne au saba ugenini hana budi kuyajua masharti hayo kama anavyojua masharti ya udhu kabla ya kusimama kuswali.

VIZA NI NINI, NA IQAMA NI NINI?

Watu wengi huvichanganya vitu hivi viwili, na hapo ndipo makosa huanzia.

Viza ni ruhusa ya kuingia katika nchi. Hutolewa kabla ya safari, na pengine mpakani, kwa lengo maalumu: matembezi, ziara ya jamaa, ibada ya Umra, kazi, matibabu au masomo.

Kibali cha kukaa, ambacho katika nchi za Kiarabu huitwa iqama, ni ruhusa ya kuishi ndani ya nchi hiyo kwa muda uliotajwa. Kwa kawaida mwanafunzi hukipata baada ya kufika na kuandikishwa chuoni, na hukihuisha kila muda wake unapokwisha.

Tuchukue mfano wa mgeni aliyebisha hodi. Akiambiwa "karibu" ameruhusiwa kuingia barazani, lakini hajaruhusiwa kulala. Viza ni ile karibu ya mlangoni, na iqama ni kupewa chumba na mkeka. Mwenye kuingia kwa karibu ya baraza kisha akajitandikia chumbani bila idhini, hata kama ni mtu mwema, amewakosea wenye nyumba.

Liko na kosa la pili, nalo ni kusoma tarehe vibaya. Katika viza huwa na muda wa kuitumia, yaani mwisho wa kuingia, na muda wa kukaa, yaani siku unazoruhusiwa baada ya kuingia. Viza ya kawaida ya utalii ya Misri, kwa mfano, huweza kutumika ndani ya siku 90 tangu kutolewa, lakini kukaa ni siku 30 tu. Kijana akiona siku 90 hudhani amepewa miezi mitatu ya kukaa. Siku ya 31 anakuwa mkosaji naye hana habari.

Jambo la tatu ni idadi ya kuingia. Viza ya kuingia mara moja hufa pale unapotoka. Ukija nyumbani kwa Idi, itakubidi uombe upya.

VIZA IPI INAMFAA MWANAFUNZI?

Kanuni ya jumla ni hii: lengo la safari ndilo linaloamua viza. Anayekwenda kusoma kwa miaka aombe viza ya masomo. Lakini nchi hazifanani katika utaratibu, na hasa katika swali moja kubwa: je, aliyeingia kwa viza nyingine anaweza kuibadilisha akiwa ndani? Tuziangalie nchi ambazo vijana wetu huzitaka zaidi.

1. Misri

Hapa ndipo ulipo msikiti na chuo cha Al-Azhar, kilichoanzishwa katika karne ya nne Hijria, yaani karne ya kumi Miladia. Wanafunzi wengi wa kigeni wamekuwa wakiingia Misri kwa viza ya matembezi, kisha wakajiandikisha katika chuo au kituo cha lugha kinachotambuliwa. Wakishapata barua ya chuo, wakaomba kibali cha kukaa kwa masomo. Njia hiyo ipo, lakini ina mtego. Barua ya chuo haitoki mpaka chuo kikukubali, na chuo hakikukubali mpaka vyeti vyako vitambuliwe. Mwenye cheti cha sekondari kisicholinganishwa na cha Al-Azhar huanzia katika Maahad ya wageni, na huenda akakaa huko miaka kadhaa kabla ya kufika kitivoni. Basi mwenye siku 30 mkononi na vyeti visivyogongwa mihuri anashindana na saa. Aliye salama zaidi ni yule aliyepata kwanza kukubaliwa au udhamini, akaomba viza ubalozini kwa lengo la masomo.

2. Saudi Arabia

Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilianzishwa mwaka 1961. Mwanafunzi wa kigeni anayepata nafasi huko hupata udhamini wenye nyumba, posho na tiketi. Maombi hufanywa kwa njia ya mtandao, na kwa shahada ya kwanza chuo kimekuwa kikitaka umri usiozidi miaka 25. Viza ya masomo hufuata baada ya kukubaliwa, wala haitangulii.

Tunasisitiza kwamba viza ya Umra ni ya Umra. Hairuhusu kuhiji, wala kufanya kazi, wala haigeuki kuwa ya masomo kwa sababu umepata darasa zuri Msikitini. Aliyekaa baada ya muda wake anakabiliwa na faini, kifungo na kurudishwa kwao, na huzuiwa kuingia tena. Fikirini, ndugu zetu: mtu ajifungie mwenyewe mlango wa Makka na Madina kwa haraka zake!

Aliye na iqama ya Saudi naye akumbuke kuwa hatoki nchini likizo bila ruhusa ya kutoka na kurudi. Ruhusa hiyo ina tarehe. Mwenye kuchelewa nyumbani kwa harusi hata tarehe ikapita, huenda akapoteza nafasi yake yote.

3. Malaysia

Huku utaratibu uko wazi lakini ni mkali. Chuo, kama vile Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa kilichoanzishwa mwaka 1983, hukukubali kwanza. Kisha chuo hukuombea barua ya idhini ya viza kupitia taasisi inayosimamia wanafunzi wa kigeni. Barua hiyo uipate kabla ya kupanda ndege. Ukifika hupimwa afya, kisha hupewa pasi ya mwanafunzi. Aliyeingia kama mtalii akidhani atamaliza mambo huko huko, amejitia katika taabu.

4. Uturuki

Wapo wanaokwenda kwa udhamini wa serikali ya nchi hiyo na wapo wanaojilipia. Wote huomba viza ya masomo ubalozini, na wakifika huomba kibali cha kukaa cha mwanafunzi ndani ya mwezi wa kwanza. Bima ya afya ni katika masharti. Viza ya kwanza haitoshi kwa miaka yote, na anayesahau kuomba kibali huwa amesahau jambo la msingi.

5. Uingereza

Tunaitaja kwa sababu baadhi ya familia zetu zina jamaa huko. Viza ya mgeni huruhusu masomo mafupi yasiyozidi miezi sita, na haigeuzwi kuwa ya mwanafunzi ukiwa ndani. Ni lazima urudi uombe kutoka nje. Viza ya mwanafunzi hutaka uthibitisho wa chuo, fedha zilizokaa benki siku 28 mfululizo, na kwa wanaotoka Kenya na Tanzania, cheti cha kupimwa kifua kikuu. Mwanafunzi wa shahada huruhusiwa kwa kawaida kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, hazidishi. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi hawaruhusiwi kuja na mke au watoto, isipokuwa wachache wakiwemo wa shahada za utafiti. Mwenye familia alijue hilo kabla hajatoa ahadi nyumbani.

KISA CHA KIJANA WETU

Hatutamtaja jina, naye ameturuhusu kusimulia ili wengine wanufaike. Alikuwa katika wanafunzi wetu wazuri, amehifadhi juzuu kumi na tano na Kiarabu chake kinaridhisha. Alitokea mtu mjini anayejiita wakala wa safari za masomo, akamwambia baba yake, "Mzee, wewe toa nauli na ada yangu tu. Kijana akifika Cairo kila kitu kitajipa." Mzee akauza kiwanja.

Kijana aliondoka kwa viza ya utalii ya siku 30. Cheti chake cha kidato cha nne hakikuwa na muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje wala wa ubalozi. Alipofika chuoni aliambiwa akilete kikiwa kimethibitishwa. Akakituma nyumbani, na kikachukua wiki saba kurudi. Siku zake 30 zilikuwa zimekwisha, na dirisha la kuandikishwa mwaka ule likawa limefungwa. Wakala hakupokea tena simu.

Alikaa miezi minane. Alihudhuria darasa za msikitini kama msikilizaji, lakini alikuwa akipita njia za uchochoroni akiogopa kuulizwa karatasi. Nyumbani alisema, "Alhamdulillahi, nasoma." Mama yake alipougua, kijana alitaka kurudi, na hapo siri ikafichuka. Wanafunzi wenzake wa Afrika Mashariki walichangishana kumlipia faini na tiketi. Alimkuta mama yake hai, tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Akamwambia, "Mama, nisamehe, nilikuwa nakudanganya." Mama akamjibu, "Mwanangu, kiwanja si kitu. Kilichoniuma ni kuwa ulikuwa unaogopa peke yako."

Leo kijana huyo ni msaidizi wetu katika darasa la watoto. Anakusanya vyeti vyake upya kwa utaratibu, na kila kimoja hutuletea tukione. Tunamuombea kheri.

Sisi walimu tunakiri kosa letu katika kisa hiki. Tulimuandikia barua nzuri ya sifa, tukamsomea dua ya safari, tukamsindikiza mpaka kituo cha basi. Hatukumuuliza afungue pasipoti tuone. Tangu siku ile hatuandiki barua ya sifa kabla hatujaona barua ya chuo na aina ya viza anayoomba.

VIZA NI AHADI

Baadhi ya vijana husema, "Mimi nakwenda kutafuta elimu ya dini, na ardhi ni ya Mwenyezi Mungu. Kudanganya kidogo katika fomu kuna ubaya gani?" Maneno haya yanataka jibu.

Mwenye kupokea viza amekubali masharti ya waliompa. Hayo ni mapatano, na katika aya ya kwanza ya Suratul Maida waumini wameamrishwa kutimiza mapatano yao. Tazameni Sulhu ya Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria. Ilikubaliwa kwamba atakayetoka kwa Makuraishi bila idhini ya walii wake atarudishwa. Mara akaja Abu Jandal bin Suhayl akiburuta minyororo, Muislamu aliyeteswa, akiwaomba Waislamu wamchukue. Masahaba waliumia sana nyoyoni. Mtume (S.A.W.) alimtaka avumilie na akamtarajisha faraja kutoka kwa Mola wake, lakini hakuvunja mapatano. Ikiwa ahadi ilitimizwa katika saa nzito kama ile, sisi tutapata wapi udhuru wa kuvunja ahadi kwa ajili ya kuwahi muhula?

Katika mlango huu huingia pia desturi ya kukopa fedha kwa wiki chache ziwekwe benki zionekane, kisha zirudishwe kwa mwenyewe. Wengine huziita fedha za kuonyesha. Hakika ni ushahidi wa uongo wa maandishi. Mbali na dhambi yake, nchi kama Uingereza humfungia aliyegundulika na udanganyifu kwa miaka 10. Vivyo hivyo cheti cha kuzaliwa kilichopunguzwa umri. Elimu iliyofunguliwa kwa uongo tunaiogopea baraka zake.

Na kutegemea bila maandalizi si tawakkul. Mtume (S.A.W.) alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kisha ndipo ategemee. Yeye mwenyewe katika Hijra aliandaa vipando, akakodi kiongozi ajuaye njia, Abdullah bin Urayqit, na akajificha pangoni siku tatu. Viza sahihi ni kamba ya ngamia wako.

HATUA ZA KUFUATA

1. Anza mwaka mmoja kabla. Tazama pasipoti yako. Nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi sita na zaidi. Kama itaisha katikati ya masomo, ni kheri uibadilishe ukiwa nyumbani.

2. Thibitisha vyeti: cheti cha kuzaliwa, cha sekondari, cha madrasa, na cha tabia njema kutoka polisi. Kwa kawaida hupita Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi uendayo, na vinavyohitajika hutafsiriwa na mfasiri anayetambuliwa. Jina liwe moja katika karatasi zote. Mohamed, Muhammad na Mohammed kwa afisa wa uhamiaji ni watu watatu.

3. Pata barua ya kukubaliwa kutoka chuoni kwenyewe. Iandikie ofisi ya chuo uthibitishe kuwa ni yao. Waulize kwa maandishi: "Niingie kwa viza ya aina gani? Nani ataniombea kibali cha kukaa, na kwa muda gani?" Jibu lao lichapishe ulihifadhi.

4. Hakikisha shahada hiyo itatambuliwa ukirudi. Kwa Tanzania ulizia Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na kwa Kenya ulizia Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE).

5. Omba viza ubalozini wewe mwenyewe inapowezekana. Ukimtumia wakala, soma fomu yote kabla ya kutia saini, kwani aliyeandika uongo ni yeye lakini atakayefungiwa ni wewe.

6. Viza ikitoka, isome hapo hapo: jina, namba ya pasipoti, aina, mwisho wa kuingia, siku za kukaa, idadi ya kuingia. Kosa lililoonekana ubalozini hurekebishwa. Likionekana uwanja wa ndege hurudisha mtu.

7. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na karatasi zako ziwe katika mkoba wa mkononi, si katika begi linalopakiwa chini.

8. Ukifika, omba iqama wiki ya kwanza, na andika tarehe ya mwisho wake ukutani. Anza kuihuisha mwezi mmoja kabla.

9. Jiandikishe katika ubalozi wa nchi yako, na acha nakala za karatasi zote kwa wazazi. Vita vilipozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023, wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki waliokuwa Khartoum waliondolewa kwa haraka. Siku kama hiyo ubalozi humtafuta kwanza yule ambaye jina lake limo katika orodha.

NASAHA KWA WAZAZI

Wazazi wetu, msitoe fedha kabla hamjaona barua. Msiuze shamba wala kiwanja kwa neno la mtu aliye sokoni. Mkimpeleka binti, ulizeni pia atalala wapi, nani msimamizi wa dahalia, nani atampokea, na mshaurianeni na masheikh zenu juu ya safari yake. Na zaidi ya yote, wafungulieni watoto wenu mlango wa kusema ukweli. Kijana anayejua kuwa hatafokewa atapiga simu siku ya kumi, wakati jambo bado linatengenezeka. Anayeogopa aibu atapiga mwezi wa nane.

HITIMISHO

Masharti na ada za viza hubadilika, kwa hiyo neno la mwisho ni la ubalozi na chuo, si la makala hii. Lakini msingi haubadiliki: jua unakwenda kufanya nini, sema ukweli, omba mlango unaofanana na lengo lako, na tunza muda uliopewa. Aliyechelewa mwaka mmoja akitengeneza karatasi zake hakukosa kitu. Atasoma akitembea barabarani mchana, kichwa juu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awafungulie vijana wetu milango ya halali, awarudishe salama na elimu yenye manufaa, na awalipe kheri wazazi wanaojinyima kwa ajili yao. Amin. Wabillahi Tawfiq.

MASWALI YA ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya viza na iqama.
2. Viza inaweza kutumika ndani ya siku 90 na kukaa ni siku 30. Aliyeingia tarehe 1 Machi aondoke au apate kibali kabla ya tarehe gani?
3. Ni mafunzo gani tunayapata katika kisa cha Abu Jandal?
4. Taja makosa matatu yaliyofanywa katika kisa cha kijana wetu: moja la kijana, moja la mzazi na moja la walimu.
5. Kaa na mzazi wako mfungue pasipoti au cheti chako cha kuzaliwa. Je, jina lako linafanana na lililo katika cheti cha shule? Mlete jibu kwa Maalim.